Bwawa Bila Hesabu ya Tope Halifai Chini ya Meru

Ijumaa ya Aprili 12, 2024, maji ya mvua yaliyojaa katika korongo moja la Kata ya Murriet, jijini Arusha, yalilisomba gari lililobeba wanafunzi. Watoto walifariki dunia. Siku 13 baadaye, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima. Lakini rudi nyuma kama miaka miwili, mwisho wa 2021 na mwanzo wa 2022. Habari kutoka upande huu huu wa nchi zilikuwa za ukame: mizoga ya ng'ombe Simanjiro, Longido na Monduli, malambo yaliyobaki udongo uliopasuka, wafugaji wakihama na kilichosalia. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja, swali linajileta lenyewe: kwa nini maji yanayoua Aprili yasifungiwe mahali, yakamwagilie mahindi, nyanya na maharage Septemba? Kila msimu wa mvua swali hilo linarudi, na kila mara jibu ni neno moja: bwawa. Wanasiasa wanalipenda neno hilo, wahandisi wanalipenda, na wakulima wa tambarare wana kila sababu ya kulipenda kuliko wote.

Ni wazo zuri, na makala haya hayalipingi. Yanachokipinga ni namna tunavyolijadili, kana kwamba kazi ya bwawa inaisha siku ukuta unapokamilika na utepe unapokatwa. Kwa mazingira ya Mlima Meru, ukuta ndiyo sehemu nyepesi. Yapo mambo mawili yatakayoamua kama fedha za umma zimezaa maji au zimezaa uwanja wa tope. La kwanza ni udongo unaoshuka na maji. La pili ni nani ana mamlaka ya kufungua na kufunga mlango wa maji, na kwa kalenda ipi. Mradi usio na majibu ya maswali hayo mawili, kwa maandishi na kwa fedha, haustahili kupitishwa hata kama wafadhili wamejipanga foleni kuulipia.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Kilele cha Meru kiko mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya jiji la Arusha ni mita kama 1,400. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita zisizozidi 16 kwa mstari ulionyooka. Maji yanashuka zaidi ya kilomita tatu ndani ya umbali ambao kijana mwenye bodaboda angeumaliza kwa dakika 20, kama kungekuwa na barabara. Miteremko ya kusini na kusini-mashariki hupata mvua inayoweza kupita milimita 1,500 kwa mwaka, ilhali tambarare za chini, kuelekea mto Kikuletwa, hupata kama theluthi moja ya hiyo. Themi na vijito vyake vya mjini, Naura na Goliondoi vikiwemo, Nduruma, Tengeru, Usa na Maji ya Chai vyote huishia Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Pangani na bahari. Ukiacha mito ya kaskazini kama Ngarenanyuki, inayoelekea nyika za Longido, mvua ya Meru ina safari fupi na ya kasi. Anayelima juu ana maji na hana ardhi ya kutosha. Anayelima chini ana ardhi, na maji humfikia ama kwa kishindo ama yasimfikie kabisa.

Kuna watakaosema kwamba bwawa tunalo tayari, hilo la Nyumba ya Mungu, tena kubwa. Ni kweli. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, lina mtambo wa umeme wa megawati 8, na tangu mwanzo kazi yake kuu ilikuwa kurekebisha mtiririko wa Pangani ili mitambo ya chini, Hale na ile ya Pangani, isikose maji wakati wa kiangazi. Kwa kazi hiyo limetumika miaka mingi. Ila kwa mkulima wa Mlangarini au Bwawani, kwenye tambarare zilizo chini ya jiji, bwawa hilo liko upande usiofaa: maji yakishafika huko yamekwisha kumpita. Tena bwawa pana katika nyika yenye jua kali lina gharama yake. Likijaa, Nyumba ya Mungu hutandaa kilomita za mraba zipatazo 140, na katika joto la eneo lile jua na upepo vinaweza kunyonya kina kinachokaribia mita 2 kwa mwaka. Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Unapata mamia ya mamilioni ya mita za ujazo zinazopaa hewani bila kulisha shina hata moja la mpunga. Somo la Nyumba ya Mungu kwa watu wa Arusha ni kwamba maji yahifadhiwe juu zaidi, mahali pembamba penye kina, karibu na anayeyahitaji. Na hapo ndipo tope linapoingia katika hadithi, kwa sababu juu zaidi ndiko kwenye mteremko, na penye mteremko ndipo udongo unapokimbia.

Ushahidi wa jambo hili hauko mbali, uko Kisongo, magharibi mwa jiji, jirani na uwanja wa ndege wa Arusha. Mwaka 1972 mtafiti D. H. Murray-Rust alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu mmomonyoko wa udongo na kujaa kwa bwawa dogo katika eneo la malisho pale Kisongo. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya utafiti mpana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, ulioongozwa na Anders Rapp na Len Berry. Eneo linalokusanya maji ya bwawa lile lilikuwa dogo tu, kilomita za mraba 9.3. Lakini kila kilomita moja ya mraba ilikuwa ikipeleka bwawani wastani wa mita za ujazo zipatazo 480 za udongo kwa mwaka. Zidisha: ni kama mita za ujazo 4,460 kila mwaka, yaani safari karibu 450 za lori la mita kumi, zikimwagwa ndani ya bwawa moja la kijiji bila mtu kulipwa senti. Wenzake waliopima mabwawa ya Dodoma, Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, walikuta picha inayofanana, na Matumbulu ilikuwa mbaya kuliko Kisongo, kwani pale kila kilomita ilitoa zaidi ya mita za ujazo 700. Baadhi ya mabwawa yaliyojengwa kwa matumaini ya kurithiwa na wajukuu yalionekana kuwa na maisha ya miongo miwili au mitatu. Hayo yalijulikana, yakapigwa chapa na kuwekwa maktaba zaidi ya nusu karne iliyopita. Inashangaza jinsi takwimu za Kisongo zisivyosikika katika vikao vya miradi vya leo, wakati watu hulipa fedha nyingi kufanyiwa upembuzi yakinifu usiokuwa na kipimo hata kimoja cha udongo kilichochukuliwa shambani.

Na hali haijawa nzuri tangu hapo. Udongo wa maeneo haya kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkano: mwepesi, wenye rutuba, na unaoyeyuka haraka ukivuliwa majani. Watafiti wa mradi wa Jali Ardhi, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Plymouth cha Uingereza na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, wamefuatilia udongo unaoingia Ziwa Manyara na kuonyesha kwamba kiwango chake kimepanda sana katika miaka 120 iliyopita. Makorongo ya Monduli yanayomeza njia za ng'ombe na mipaka ya mashamba yanaonekana hata na msafiri aliye ndani ya basi la Babati. Wahusika ni wengi: mifugo mingi mahali pamoja, mashamba yaliyopanda mlimani, mkaa, na barabara za vumbi zinazogeuka mifereji mvua ikianza. Bwawa lenyewe linaweza kuongeza tatizo, kwani linavuta ng'ombe kutoka mbali. Ng'ombe wanakwangua majani ya kingo, na kingo zikishakuwa tupu ndizo za kwanza kushuka ndani ya maji. Anayejenga lambo bila kupanga mifugo itapita wapi na itanywea wapi anajenga na kubomoa kwa wakati mmoja.

Mjini nako kuna chanzo kingine cha mafuriko kisichohusiana na ng'ombe. Nyumba ya kawaida yenye bati la mita za mraba 100, ikinyeshewa milimita 50, inamwaga lita 5,000 nje ya uzio wake. Nyumba elfu moja za namna hiyo zinamwaga mita za ujazo 5,000, na kata za pembezoni kama Murriet, Olasiti na Olmoti zinaongeza nyumba kila mwezi, mbali na uwanja wa mpira unaojengwa Olmoti kwa ajili ya mashindano ya AFCON ya 2027 na maegesho yake ya zege. Tunajenga mitaro mizuri ya mawe na saruji, na ni jambo la heri kwa wakazi wa barabara husika. Ila mtaro kazi yake ni kuhamisha maji haraka. Haupunguzi hata ndoo moja. Unaifikisha mapema zaidi kwa jirani wa chini. Jiji linapopanga barabara bila kutenga hata ekari chache za kupunguzia kasi ya maji, linaandika barua ya mafuriko na kuituma Mlangarini.

Sasa tuje kwenye mgongano ulio ndani ya bwawa lenyewe, ambao wengi wanaupita bila kuuona. Bwawa la kuzuia mafuriko linafaa likiwa tupu mvua kubwa inapoanza. Likiwa limejaa halina pa kuyaweka maji, na yanayoingia yanatoka yote kupitia utoro, yaani njia ya maji ya ziada. Bwawa la umwagiliaji linafaa likiwa limejaa. Ukimwambia mkulima ayafungulie maji Machi ili nafasi ipatikane kwa mvua ambayo pengine haitanyesha, atakuona umerukwa na akili, na ana haki ya kukuona hivyo. Kwa hiyo ahadi ya bwawa moja kufanya kazi zote mbili haitimizwi na ukubwa wa ukuta. Inatimizwa na ratiba. Kwa bahati, kalenda ya Meru inaruhusu. Masika huanza Machi, hufikia kilele Aprili na kufifia Mei, kisha kiangazi hukaa mpaka vuli ya Novemba. Mafuriko mabaya na tope jingi huja katika mvua za mwanzo na za katikati, ardhi ikiwa bado tupu. Bwawa lenye milango ya chini, iliyo karibu na sakafu, linaweza kuachwa wazi Machi na Aprili: likapokea wimbi la mafuriko, likalishikilia kwa saa kadhaa, likaliachia taratibu na tope lake. Kisha Mei, maji yanapoanza kusafika, milango inafungwa na akiba ya kiangazi inakusanywa kutoka mvua za mwisho na chemchemi.

Huu si ubunifu wa jana. Bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika Misri mwaka 1902, lilijengwa na milango 180 kwa sababu hiyo hiyo: mto Nile ukifurika na tope lake uliachwa upite, na milango ilifungwa pale maji yalipopungua na kutulia. Wachina waliosahau somo hilo walilipa. Bwawa la Sanmenxia katika Mto Manjano lilianza kufanya kazi mwaka 1960, na ndani ya miaka michache tope lilikuwa limejaa kiasi cha kutishia nchi iliyo juu yake, ikabidi watoboe njia za chini na kubadili kabisa namna ya kuliendesha. Ndiyo maana mtu akileta mchoro wa bwawa la Themi au Nduruma usio na mlango wa chini unaofunguka, swali la gharama haliji kabisa. Mchoro urudishwe.

Wapenda ukubwa watasema: basi lijengwe moja kubwa, lenye mlango wa chini na kila kitu, limalize kazi. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Bwawa kubwa lina mhandisi wake, lina mlinzi, linaandikwa katika bajeti ya taifa. Malambo mia yanaweza kuwa yatima mia. Lakini Meru haina bonde moja kuu la kuziba. Ina mito mingi midogo iliyosambaa kama vidole, kila mmoja na mifereji yake na watu wake, na kuuziba mmoja hakumsaidii wa mwingine. Zaidi ya hayo, uhaba wa kiangazi kwa sehemu kubwa ni uhaba wa saa. Wameru na Waarusha wamechimba mifereji kwenye miteremko hii kwa vizazi vingi, na maji huenda kwa zamu. Zamu ya usiku ndiyo mbaya: giza, baridi, maji yanapotea njiani, na wengine huyaacha yapite. Wapare walilijibu tatizo hilo zamani kwa ndiva, mabwawa madogo ya udongo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, ambayo hadi leo yanatumika katika vijiji vya Same kwa taratibu zinazosimamiwa na wakulima wenyewe. Mashamba makubwa ya maua na mboga yaliyo chini ya Meru yanaifahamu hesabu hiyo vizuri, ndiyo maana mengi yana mabwawa yake ya kuhifadhia. Mkulima mdogo wa mfereji wa jirani ndiye hana. Kumjengea bwawa la usiku, kando ya mto na siyo katikati yake, kungemwondolea ugomvi mwingi kwa fedha kidogo, na kwa kuwa liko kando, kipindi cha tope banio la kuingizia maji linafungwa na tope linaendelea na safari yake mtoni.

Malambo ya aina hiyo hayatazuia mafuriko ya Aprili, hilo likubaliwe wazi. Kwa mafuriko kunahitajika vitu vingine viwili: mabwawa machache ya ukubwa wa kati, yenye milango ya chini, katika makorongo yanayolielekea jiji na tambarare, na ardhi ya juu inayoshika mvua pale inaponyesha. Hapa ndipo pingamizi zito zaidi linapojitokeza. Wakulima wa juu wana vipande vya robo ekari au nusu ekari. Unamwambiaje mtu mwenye robo ekari apande miti na kuchimba makinga maji kwa manufaa ya mtu wa Mlangarini asiyemjua? Historia inatuonya tusimwambie kwa amri. Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro walifanya ghasia dhidi ya matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni kuyachimba, na mpango wote ukafa. Wameru nao wana kumbukumbu yao ya amri za ardhi: walifukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951, na mwakilishi wao Kirilo Japhet akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Mtu wa nje anayefika Poli au Akheri, huko mlimani, na kanuni mkononi, akidai watu waachie ardhi kwa faida ya umma, anasikika kama sauti ya zamani.

Lakini tunao mfano wa nyumbani usiokuwa wa amri. Mwaka 1989 ulianza Arumeru mpango wa hifadhi ya udongo na kilimo mseto uliofahamika kwa kifupi kama SCAPA, kwa msaada wa Sweden. Maofisa wake walifundisha makinga maji ya fanya juu na fanya chini, na juu ya kingo zake yakapandwa majani ya malisho. Siri ya mpango huo ilikuwa hapo. Mkulima wa Meru hufuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda na anahitaji mabingobingo kila siku. Tuta lenye mabingobingo halimnyang'anyi ardhi; linamlisha ng'ombe, na udongo unabaki shambani kama faida ya pili. Kinachokosekana leo ni fedha za kuendelea, kwani miradi ya wafadhili ina tarehe ya mwisho na mmomonyoko hauna. Kama bwawa la chini linamwezesha mkulima wa tambarare kuvuna mara mbili kwa mwaka, sehemu ndogo ya ada anayolipa kwa maji hayo ipande mlimani ikanunue miche na kulipa vibarua wa makinga maji. Jumuiya za watumia maji zipo kisheria tangu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Vyombo vipo. Havijapewa kazi hiyo.

Usalama nao haujadiliwi vya kutosha. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40, wengi wakiwa wanawake na watoto. Nchini kwetu, bwawa la Kidete wilayani Kilosa lilijengwa enzi za ukoloni ili kupunguza nguvu ya mafuriko yanayotishia Reli ya Kati. Lilizeeka, halikutunzwa, na kubomoka kwake kulichangia mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliyowahamisha maelfu ya wakazi wa Kilosa na kuikata reli. Bwawa la kuzuia mafuriko lililotelekezwa ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa, kwa sababu watu huliamini, wakajenga chini yake. Hata bwawa jipya lina siasa zake. Rufiji ilipofurika mwaka 2024, TANESCO na Serikali walieleza kwamba Bwawa la Julius Nyerere lilikuwa limepunguza mafuriko, ilhali wakazi wengi wa chini waliona kwamba maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowamaliza. Pale ambapo ratiba ya milango haijulikani na wananchi, kila mafuriko yatakuwa na mtuhumiwa mmoja tu, awe na hatia au asiwe nayo.

Jambo la mwisho la kitaalamu linaihusu Meru kipekee: madini ya floraidi. Maji ya upande wa mashariki na kaskazini, kuanzia Maji ya Chai na Ngurdoto hadi Ngarenanyuki, yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia na mifupa iliyopinda ya watoto wa vijiji vile ni ushahidi wa kutosha. Maji hayo yakikaa bwawani na kupungua kwa jua, floraidi inabaki na kuongezeka makali. Kwenye karatasi bwawa litaandikwa kuwa la umwagiliaji, lakini maji yaliyo karibu huchotwa na kunywewa, hasa na watoto wachungaji. Kwa hiyo mabwawa yaanzie upande wa kusini na magharibi, vipimo vya maji vikitangulia, na popote litakapojengwa pawe na kilula cha maji salama jirani. Jiji lenyewe limelazimika kwenda kuchimba visima hadi wilayani Hai, katika mradi wa Shilingi bilioni 520 uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa kutafuta maji mengi zaidi na yaliyo salama zaidi. Haingii akilini wanavijiji waachiwe lambo.

Litaulizwa mwishoni: je, masharti yote haya hayataua mradi kabla haujazaliwa? Kuzoa tope kila mwaka ni gharama isiyo na mwisho, na serikali ya halmashauri yenye shule zisizo na madawati itaitoa wapi? Jibu langu ni kwamba gharama hiyo ipo hata tusipoiandika. Tofauti ni kama tunailipa kidogo kidogo, au tunailipa kwa mkupuo baada ya miaka 20 kwa kujenga bwawa jingine pembeni ya lile lililozikwa, na korongo moja huwa na mahali pamoja tu pazuri pa kujenga bwawa. Ukipaharibu huna pa pili. Tena tope la Meru lina soko. Ni udongo wa volkano wenye rutuba, na mchanga unaotangulia kutuama mlangoni mwa bwawa ndio huo huo unaochimbwa kiholela mitoni kwa ajili ya ujenzi. Kijiji kikiwa na haki ya kuuza mchanga unaonaswa na mtego uliojengwa juu ya bwawa lake, kitauzoa bila kusubiri mkandarasi kutoka Dodoma, na uchimbaji unaobomoa kingo za mito utapata mshindani.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani ya Jiji la Arusha, ya Halmashauri ya Arusha na ya Meru hupitia mapendekezo ya bajeti miezi kadhaa kabla ya hapo. Diwani au mbunge wako akisimama kuombea fedha za bwawa, mpigie makofi, kisha muulize mambo manne mbele ya watu: udongo kiasi gani unaingia kwa mwaka na nani aliupima, mlango wa chini uko wapi katika mchoro, nani anaufungua, na ratiba imebandikwa wapi, na fungu la kuzoa tope la mwaka wa pili, wa tano na wa kumi limeandikwa ukurasa upi. Akikosa jibu la swali la mwisho, fedha hizo zirudishwe mlimani zikapande mabingobingo.